Msafara wa Baiskeli Hupimwa Mkiani

Tangu Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika Afrika, wanaoniuliza habari za kujiunga na misafara ya baiskeli hapa Kampala wameongezeka. Wengi wao huanza na swali moja: mnakwenda kilomita ngapi kwa saa? Swali hilo lina haki yake, lakini mimi ningependa mtu aanze kwa kuuliza habari za mkia. Katika mbio za wanaume za siku ya mwisho kule Kigali, ambazo Tadej Pogačar wa Slovenia aliibuka mshindi, ni waendeshaji 30 tu waliomaliza kilomita 267.5, wengine wote walijitoa au walitolewa barabarani kwa kuachwa mno, na hakuna aliyesema wameonewa, kwa kuwa mashindano ndivyo yalivyo. Sisi tunaoendesha kwa ajili ya afya na furaha hatulazimiki kuazima sheria hiyo. Msafara wetu naupima kwa mtu wa mwisho: yuko wapi, yuko na nani, na je, kiongozi aliye mbele ana habari zake?

Nitaeleza kwa kutumia njia ya Kampala hadi Jinja, yenye kilomita 80 hivi, kwa sababu ndiyo inayotamaniwa na karibu kila mgeni na ndiyo inayofichua upesi kasoro za mpangilio. Tunakutana Nakawa saa kumi na mbili asubuhi, taa zikiwaka mbele na nyuma, kwa kuwa jua bado halijachomoza, na tunataka tuwe tumekwisha kupita Bweyogerere na Seeta kabla taksi, yaani mabasi madogo ya abiria, hazijaanza kugombea abiria. Barabara hiyo ni kipande cha njia kuu inayounganisha bandari ya Mombasa na Kampala, na malori ya makontena na ya mafuta huipita usiku na mchana. Pembeni, mahali pengi lami imelika, ikaacha kimo cha upana wa kiganja kati yake na udongo. Gurudumu jembamba likitumbukia pale halirudi juu kwa usalama mpaka mtu asimame na kushuka. Kwa hiyo nafasi yetu ni ukanda mwembamba wa upande wa kushoto, na mtu aliyeachwa peke yake humo, amechoka na kichwa amekiinamisha, yumo katika hatari kubwa kuliko wenzake walio pamoja mbele.

Watu hudhani kwamba anayeachwa ameangushwa na miguu yake tu. Katika tambarare, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu ya mwendeshaji huishia katika kupambana na hewa, na anayejibanza nyuma ya mwenzake, wakiwa hawajaachana hata mita moja, huokoa takriban theluthi ya nguvu hiyo. Pengo likishafika mita kumi, aliye nyuma anabeba karibu upepo wake wote ilhali wenzake wanagawana upepo wao, na kila dakika inayopita humzidishia mzigo. Kinachofungua pengo hilo mara nyingi si mlima, ni tuta. Kiongozi akivuka tuta na kukanyaga papo hapo ili arudie mwendo wake, mtu wa kumi na mbili bado hajalifikia. Atalivuka polepole inavyopasa, kisha atalazimika kukikimbiza kikundi ambacho kimekwisha kushika kasi. Afanye hivyo Mukono, afanye tena Namawojjolo, afanye tena Lugazi, na kabla ya kuingia Msitu wa Mabira miguu imemwisha, ingawa kwa hesabu ya wastani amekwenda mwendo ule ule wa kiongozi. Tiba yake ni rahisi hata inaudhi kuona haitumiki: kiongozi avuke tuta, akanyage taratibu huku akihesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano, ndipo aongeze mwendo.

Vilimani mambo ni mengine. Mwendo ukishuka chini ya kilomita 15 kwa saa, kujikinga na upepo hakuna faida kubwa, kwa hiyo kila mtu apande kwa pumzi zake na tungojeane juu. Njia ya Jinja haina mlima mmoja wa kutisha. Ina vilima vingi vinavyofuatana, na huku kungojeana ndiko kunakohitaji busara. Nimeona mara nyingi wenye nguvu wakifika kileleni, wakanywa maji, wakapiga picha, wakacheka, kisha wa mwisho anapotokeza wanamshangilia kwa moyo mkunjufu na hapo hapo wanapanda baiskeli zao kuondoka. Waliohitaji mapumziko kidogo wamepumzika sana, na aliyeyahitaji sana hakupumzika kabisa. Katika kikundi chetu dakika za mapumziko huanza kuhesabiwa pale wa mwisho anapoegesha baiskeli yake. Wapo walionung'unika sheria hiyo ilipoanza. Wengine bado wananung'unika.

Namawojjolo ndipo tunaposimama kwanza kwa kituo kirefu, tukila gonja, yaani ndizi za kuchoma, katikati ya wauzaji wenye makoti ya kazi wanaokimbilia kila dirisha la gari na mishikaki mkononi. Hapo pia husimama madereva wa malori wa kutoka Mombasa, na Kiswahili chao kimetufaa zaidi ya kamusi. Dereva mmoja mwenye umri wa baba yetu, aliyekuwa akisubiri kuku wake, alimwambia kiongozi wetu maneno ambayo yalibadili mpangilio wetu wote. "Wanangu, mkiwa kumi kwenye mstari mmoja nawapita kwa utulivu, kwa sababu najua mnaanzia wapi na mnaishia wapi. Ninayemwogopa ni yule anayekuja nyuma peke yake, maana nikishawapita nyinyi huwa nimeshafunga hesabu." Baada ya hapo tuliacha kwenda kama mkufu mmoja wa watu thelathini. Tunagawanyika makundi ya watu wanane hadi kumi, kila moja likiwa na kiongozi wake na mtu wake wa mkia, na kati ya kundi na kundi tunaacha nafasi ambayo lori linaweza kuingia likasubiri kabla ya kupita kundi linalofuata. Kwenda wawili wawili tumewaachia wenye barabara pana.

Amri za barabarani tunazitoa kwa Kiswahili, kwa kuwa tuna Waganda, Wakenya, Watanzania na ndugu kadhaa kutoka Kongo, na neno fupi linalojulikana na wote linatosha: shimo, tuta, gari nyuma, simama. Mkono hutangulia, sauti hufuata. Mkono ulionyoshwa juu ni kusimama. Kidole kinachoelekea chini ni shimo au vioo. Mkono unaopungwa nyuma ya mgongo kuelekea kulia unaonya kwamba mbele kuna gari au bodaboda iliyoegeshwa nasi tunaizunguka. Kila amri lazima ipokewe na kurudishwa nyuma mpaka imfikie wa mwisho, kwani ndiye asiyeuona kabisa uso wa barabara: macho yake yameishia kwenye mgongo wa mwenzake.

Kuhusu misafara mikubwa inayoandaliwa na taasisi kwa ajili ya kuchangisha fedha, sina ugomvi na lengo lake, na hulipa ada kama wengine na kuvaa fulana ya siku hiyo. Ugomvi wangu ni wa mpangilio. Katika mmoja niliohudhuria, gari la muziki lilikuwa mbele, pikipiki za polisi mbele, gari la wagonjwa nalo mbele, karibu na wageni wa heshima waliokuwa na hamu ya kupigwa picha. Nyuma walikuwapo kina mama wawili waliokodi baiskeli siku hiyo, mvulana mmoja mwenye mnyororo uliokuwa ukichomoka kila alipobadili gia, na foleni ya mabasi madogo yaliyokuwa yakipiga honi kwa sababu askari waliozuia magari walikwisha kuondoka. Hapakuwa na fundi wala maji. Mashindano ya baiskeli ya Ufaransa, Tour de France, ambayo hayana huruma hata kidogo, yalianza kutumia gari la kuwakusanya waliochoka tangu mwaka 1910, yalipoingia milima mirefu ya Pyrenees kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kabla sijalipa ada siku hizi huwauliza waandaaji mambo mawili tu: gari la mwisho ni lipi, na nani amepangiwa kukaa nyuma ya kila mtu.

Sisi huyo wa nyuma ya kila mtu tunamwita mfagiaji, na kazi yake huenda kwa zamu. Lazima awe mwenye nguvu, maana atasimama mara nyingi na kuondoka tena, na lazima awe na simu yenye chaji, pampu, tyubu mbili, viraka na solusheni. Hubeba pia kipande cha shaba kidogo kuliko kifundo cha kidole, kinachovalishwa juu ya valvu nyembamba ya baiskeli za mbio. Mafundi wa kando ya barabara ni hodari. Utamkuta mmoja chini ya mwembe na beseni la maji, atazamisha tyubu, ataona mapovu, ataziba pancha kabla chai yako haijapoa. Lakini pampu yake imetengenezwa kwa valvu za baiskeli nzito za gia moja, zile zinazobeba mikungu ya matoke na magunia ya mkaa, na bila kipande hicho cha shaba ustadi wake wote haukufai kitu. (Waendeshaji wa baiskeli hizo, niseme pembeni, huwapita wageni wetu katika tambarare wakiwa wamevaa kandambili, na hawaonyeshi dalili yoyote ya kujivunia.)

Chakula hakihitaji maneno mengi. Safari ya saa nne inataka gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, na bogoya mbili, zile ndizi mbivu kubwa, zinakupeleka karibu na kiwango cha juu. Anza kula kabla ya kuona njaa. Rolex, yaani chapati iliyokunjiwa mayai, iache mpaka Jinja; mayai na mafuta ya chapati hukaa tumboni wakati damu inahitajika miguuni.

Baada ya Mabira jua huwa limepanda, kivuli kimekwisha, na hapo ndipo mfagiaji hujua kama viongozi walimsikiliza tangu Mukono. Kama walimsikiliza, wote tunafika Njeru tukitofautiana kwa dakika chache, na Mto Nile tunauvuka kwa mstari mmoja bila kusimama kupiga picha. Kurudi Kampala ni kwa taksi. Baiskeli hupandishwa juu ya paa zikiwa zimetolewa magurudumu ya mbele, upande wa mnyororo ukitazama juu, na bei ya kila moja hupatanwa na kondakta kabla ya kamba ya kwanza kufungwa, kwani baada ya hapo mazungumzo hugeuka. Taksi ya kwanza kujaa huwachukua waliofika mwisho.

Mwezi ujao zamu ya kufagia ni yangu, na njia ni ile ya Gayaza kwenda Ziroobwe, ambako malori ni machache na vilima ni vya kiungwana. Anayetaka kuja aje na kofia ngumu, taa ya nyuma, na tyubu za ukubwa wa magurudumu yake mwenyewe, kwa sababu zangu huenda zisimfae.