Kiwiko cha dogo na shimo la kichuguuni

Mwezi wa nne mzima nimegombana na dogo mmoja juu ya kiwiko chake na leo nakiri hapa kwamba mimi ndio nilikuwa mjinga.

Dogo ana miaka 15, mwembamba mrefu kama muwa, anarusha kwa mkono wa kulia. Ni picha wetu kwenye besiboli, yani ndio yule anayesimama katikati ya uwanja anamrushia mgongaji mpira. Sisi tunasema picha tu, na jaja yake, yani bibi yake, mpaka leo anajua nafundisha mtoto kamera. Tunaongea Kiswahili manake wote tumekulia kambini, mimi Nsambya miaka hiyo na yeye kambi nyingine, na ukishakulia kambi ya polisi hapa Kampala hata ugomvi unaota kwa Kiswahili.

Mkono wake banange ni wa maembe. Watoto wa huku wanajifunza kurusha kwa kupiga maembe kwa mawe, unaegemea nyuma, unaangalia juu, unaachia. Ndio maana ukimpa mtoto wa Uganda mpira wa besiboli mara ya kwanza unasikia upepo, nguvu ipo tayari. Tatizo embe liko juu na mgongaji yuko chini, mita 18 na kitu mbele yako, na mpira wa dogo ulikuwa unapaa juu kulia, moja kwa moja kwenye kichwa cha mtu. Kiwiko nacho kilikuwa kinabaki chini ya bega na nyuma ya mwili, mkono unaburutwa kama trela iliyokatika breki.

Hiyo kitu inatisha. Ndani ya kiwiko kuna kano ndogo inayoshika mfupa wa juu na wa chini, na mwili ukishageuka kabla mkono haujafika, mzigo wote unaishia pale. Ndio kano iliyomkatikia Tommy John, picha wa timu ya Dodgers ya Marekani, mwaka 1974, daktari Frank Jobe akamtolea kano ya mkono mwingine akamfungia, jamaa akarudi uwanjani 1976 akarusha mpaka 1989. Sawa, lakini yeye alikuwa na Dodgers, dogo ana mimi na bandeji moja.

Basi nikaanza kazi. Inua kiwiko. Inua kiwiko! Dogo kiwiko! Wiki tatu. Nikamfunga hadi utepe mwekundu kwenye bega ajue urefu. Unajua kilichotokea? Mpira ukaacha kupaa ukaanza kuchimba udongo, kasi ikaisha, na dogo akawa anarusha huku anajitazama mkono, ni kama mtu anaendesha boda huku anaangalia mguu wake wa gia. Siku moja akaniambia kocha mimi nimesahau kurusha. Hakuwa anatania, macho yalikuwa mekundu. Usiku ule sikula vizuri.

Wazee wanasema samaki mkunje angali mbichi. Sawa, ila hakuna aliyetuambia tumkunje sehemu gani.

Na presha ya kumkunja ipo, tusidanganyane. Tangu 2022 Dodgers walipowasajili Ben Serunkuma na Umar Male, vijana wa Uganda, alafu Pirates, timu nyingine ya Marekani, wakamchukua David Matoma wa hapa hapa na akarusha kwenye ligi ndogo, ile ya kukuzia vijana, kule Florida, kila mzazi anayemuona mtoto wake na glavu anaona ndege. Kule ligi ndogo kijana akifika wanampiga kamera kila upande, kompyuta inamwambia nyonga imegeuka lini na bega lini, na bado wanambadilisha kidogo kidogo, kitu kimoja kwa wakati. Mimi nilikuwa nataka kubadilisha mtu kwa kelele.

Nikaazima simu ya shemeji, inapiga video ya slomo, ya mwendo wa polepole, japo kioo kimepasuka, nikasimama nyuma ya dogo badala ya pembeni. Hapo ndio nikaona mguu. Mguu wa kushoto, ule wa kutua, ulitakiwa kushuka kwenye mstari wa kwenda kwa mgongaji, wake ulikuwa unakwepa kwenda kushoto upande wa besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza cha kukimbilia, karibu inchi nane. Mguu ukitua kule nyonga inafunguka mapema, bega linafuata, na mkono maskini unabaki nyuma unakimbilia basi lililoshaondoka. Kiwiko hakikuwa ugonjwa, kilikuwa homa tu.

Nikachora mstari wa majivu. Kwenye nyasi pembeni anatua juu ya mstari kama mtakatifu, akipanda kichuguuni (ndivyo tunavyoita kile kilima cha kurushia) anakwepa tena. Nyasi vizuri, kichuguu vibaya, nyasi vizuri, kichuguu vibaya. Nikataka kuanza kelele tena alafu kitu kikanishika, nikamuuliza tu kwa upole, dogo kwani pale unaona nini?

"Kocha, si pale kuna shimo."

Nikaenda kuangalia. Kweli kuna shimo. Mvua za mwezi wa tatu zilichimba, na kila anayerusha akatua humo humo likazidi, likajaa maji, likakauka, nyasi zikaota pembeni hata huoni mpaka usimame juu yake. Dogo aliteguka kifundo humo mwanzoni mwa msimu, hakumwambia mtu, mguu wake wenyewe ukajifunza kukwepa. Na kilichoniuma ni kwamba mimi hilo shimo nalijua! Nimeliruka mara mia nikienda kuokota mipira.

Kujaza na moramu ni kazi bure, mvua moja inaondoka nayo. Udongo wa kuaminika ni wa kichuguu cha kweli, cha mchwa, ule ule watu wanaopigia sakafu na matofali, ukishindiliwa na maji unakuwa kama saruji. Nyuma ya uwanja kuna mama mmoja mzee ana vichuguu viwili shambani, tukaenda na dogo na madebe. Nikamsalimia vizuri, jaja tunaomba udongo. Akatuangalia, akaangalia jembe, akasema kile kikubwa mkikigusa mtanijua, kile kinanipa nswa, kumbikumbi wa kula, kila msimu, chukueni kile kilichokufa. Tukachukua kilichokufa. Alitupa na muhogo wa kuchoma.

Siku mbili tulishindilia. Fundi wa jirani akatuazima pima maji na kamba, tukapima kilima kiwe inchi 10 juu ya pale mgongaji anaposimama, alafu kishuke inchi moja kila futi kuelekea mbele, ndivyo sheria inavyosema na sisi tulikuwa tunakadiria kwa macho miaka yote. Cha kwetu kilikuwa kimebaki kama inchi 6. Aibu.

Sitaki mdhani ilikuwa muujiza. Siku ya kwanza dogo alikwepa bado, shimo lilishatoka uwanjani likabaki kichwani. Nilimpa mipira 20 tu, polepole, bila mgongaji, na sikutaja kiwiko hata mara moja. Nahesabu kwa vizibo vya soda, mpira mmoja kizibo kimoja kinahama mfuko. Kwa umri wake mwongozo wa Wamarekani ni mwisho 95 kwa siku, na akipita 75 apumzike siku nne, ila huo mwongozo haujui kwamba dogo jioni anabeba jeriken za lita 20 kwa mkono ule ule, kwahiyo mimi napunguza. Jaja yake tumeongea, maji sasa anabeba kushoto, na analalamika kwamba kamera gani hii inachagua mkono.

Wiki ya tatu nikamrekodi tena. Mguu kwenye mstari, na kiwiko kimepanda sawa na bega, chenyewe, bila utepe. Kecha wetu, yule anayedaka nyuma ya mgongaji, akatoa glavu akapuliza kiganja, akaniangalia kama vile mimi ndio nimemrushia.

Jumamosi iliyopita nimefika mapema kabla ya watoto, nikague kilima. Nyayo zote za kushoto ziko sehemu moja, mbele, katikati kabisa ya mstari, na pale pale udongo umeanza kubonyea. Nimerudi kwa yule mama na madebe mawili. Ameniuliza, hamjamaliza tu?