Kanga ya Marehemu Ughaibuni: Kuifanya Kazi ya Sanaa Bila Kuiharibu

Msiba ukitokea nyumbani, kila mtu hupata la kufanya kwa mikono yake. Wapo wanaochimba kaburi, wapo wanaoshinda jikoni na masufuria makubwa, wapo wanaotandika mikeka, na yupo mwenye daftari la rambirambi. Aliye ughaibuni hupigiwa simu usiku, hufuatilia mazishi kwenye video inayokatikakatika, na kesho yake huingia kazini. Miezi inapita, kisha ndugu aliyetoka safari anamletea kanga moja iliyotolewa kwenye sanduku la mama au la bibi. Hapo ndipo hamu ya msanii huamka: nitaitengeneza, nitaiweka ukutani, niione kila siku.

Hamu hiyo ni njema. Tatizo ni haraka yake. Kanga nyingi za marehemu huharibika katika wiki ya kwanza, kwa mkasi, kwa sabuni au kwa gundi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachorudi nyuma. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba kila unachoifanyia kanga hiyo kiwe kinaweza kufumuliwa. Kitambaa hicho ni amana. Leo unakitaka ukutani. Baada ya miaka mitano huenda ukataka kujifunika, au binti wa dada yako akaomba ajitande nacho siku ya harusi yake. Msiba nao hubadilika ndani ya mtu, na kazi uliyoishona ukiwa na uchungu mbichi huenda usiweze kuitazama baadaye.

Anza na ruhusa. Katika familia za Kiislamu nguo za marehemu ni sehemu ya mirathi, kwa hiyo si mali ya aliyezikuta sandukuni. Warithi wote waridhie, na palipo na mrithi mdogo, wakubwa hawana haki ya kusamehe fungu lake. Familia nyingi za Kikristo hugawa nguo siku ya kuanua matanga au baada yake, mbele ya wazee. Vyovyote iwavyo, uliza kwenye kundi la familia kwa maandishi, itaje kanga kwa jina lake, yaani msemo ulioandikwa juu yake, na ueleze unachokusudia kuifanyia. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili. Kipande cha pili kikiwepo, kibaki nyumbani.

Ukipewa nafasi ya kuchagua, usichukue mpya. Mpya bado ina wanga wa kiwandani na haijawahi kukaa begani kwa mtu. Chagua iliyofuliwa mpaka ikalainika, iliyopauka pale alipokuwa akiifunga kiunoni, yenye doa la mafuta au alama ya moshi. Tazama pia ukingo ulio nje ya pindo. Mara nyingi umechapwa jina la mwenye mchoro au la kiwanda, kama ile KHE “Mali ya Abdulla” ya Mombasa, au Urafiki cha Dar es Salaam, kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1968. Maandishi hayo husaidia kukisia umri wa kanga, kwa hiyo usiyakate hata ukingo ukiwa umechakaa.

Safarini kanga ikae ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ikiwa kavu kabisa. Ikifika kwenye nchi ya baridi, usifungue mfuko saa ile ile. Kitambaa kilichopoa kwenye mizigo kikikutana na hewa ya joto ya chumbani huvuta unyevu, na unyevu ndio mwanzo wa kuvu. Subiri saa kadhaa mpaka mfuko uwe na joto la chumba, kisha toa kanga na uitupe plastiki. Kukaa humo kwa miezi ni hatari kuliko safari yenyewe.

Sasa suala la harufu, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Kanga ya sandukuni huja na udi, na manukato aliyoyapenda, na jasho lake. Ukiifua, harufu haitarudi. Usipoifua, harufu itapungua yenyewe polepole. Nashauri usiamue chochote kwa muda wa wiki kadhaa. Ikunje kwa ulegevu ndani ya karatasi nyeupe laini isiyo na asidi, iweke kwenye sanduku la kadibodi lisilo na asidi, uiache. Ikiwa inanuka vidonge vya nondo, itandaze kivulini penye hewa. Jua hapana, kwa sababu jua hula rangi.

Kuna hali mbili tu zinazolazimu kuchukua hatua mapema. Ya kwanza ni wadudu. Pamba yenyewe si chakula cha nondo, lakini jasho na madoa ya chakula huwavuta, na wale wadudu wa rangi ya fedha wanaokimbia bafuni hupenda wanga. Ifunge kanga ndani ya plastiki, toa hewa yote, iweke kwenye friza ya nyumbani yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha iache siku nzima ikiwa bado imefungwa ndipo uifungue. Ya pili ni kuvu. Hapo utalazimika kuisafisha, lakini jaribu rangi kwanza. Lowesha pamba nyeupe kwa maji, ikandamize kwenye kona kwa dakika moja, fanya hivyo kwa kila rangi, kisha rudia kwa maji ya sabuni. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazochuja zaidi. Pamba ikitoka na rangi, usifue kabisa. Ipangushe kuvu iliyokauka kwa brashi laini nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa.

Rangi ikishika, laza kanga juu ya kipande cha neti ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, na sabuni ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha wala manukato, kijiko kimoja cha chai kwa lita 10. Bonyeza kwa kiganja, usifikiche, usikamue. Suuza mpaka maji yawe safi, na suuzo la mwisho liwe la maji yaliyotoneshwa (distilled), maana maji ya bomba ya miji mingi ya Ulaya yana chokaa inayobaki kwenye kitambaa. Kausha ikiwa imelala juu ya taulo. Kuitundika juu ya redieta, kama tunavyokausha soksi wakati wa baridi, huivuta vibaya na kuifanya ngumu. Pasi usiipitishe mahali penye doa. Joto hulikaanga doa likabaki hapo daima.

Sanaa yenyewe nayo iko wapi, kama kila kitu kimekatazwa? Iko pembeni mwa kanga. Mpangilio wa kanga ni mchoro uliokamilika tayari: pindo limezunguka pande zote nne, mji umekaa katikati, na jina liko chini yake. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza akiwa mtoto wa miezi minne baada ya baba yake kufariki, ametumia mpangilio huo kwenye picha zake za rangi, na mwaka 2017 alishinda tuzo ya Turner. Lililo wazi kwenye njia hiyo ni kwamba mpangilio unaweza kuazimwa na kuchorwa upya bila kuugusa mkasi. Mwenye hamu ya kukata na kubandika aipige kanga picha ikiwa imetandazwa chini, kamera ikiwa juu yake katikati kabisa, kisha achapishe kwenye kitambaa cha pamba na kukatakata nakala hiyo anavyotaka. Jaribio bovu lisigharimu kitu kisichopatikana tena.

Kazi inayobeba kanga halisi huanzia kwenye kitambaa cha nyuma. Tumia merikani nene, kubwa kuliko kanga kwa sentimeta 10 kila upande, na uifue mara mbili kwa maji ya moto ili itoe wanga na imalize kusinyaa. Ukiruka hatua hii, merikani itasinyaa baadaye na kanga itafanya mawimbi. Ule ukingo wa sentimeta 10 ndio uwanja wako: hapo unaweza kudarizi majina ya watoto wake, kuchora ramani ya kijiji, kuandika dua. Rangi ya akriliki inafaa, ipakwe na kuachwa ikauke siku kadhaa kabla kanga haijasogezwa karibu. Rangi ya mafuta isitumike. Mafuta yake yakigusana na pamba huiozesha kadiri miaka inavyokwenda. Ndiyo maana wachoraji hupaka turubai zao tabaka la kuzuia kwanza.

Kushona ni kwa mkono, kwa bandi. Sindano namba 10 au 12, uzi mmoja mwembamba wa pamba au hariri wenye rangi ya sehemu unayoishona. Tandaza kanga juu ya merikani bila kuivuta, anzia katikati ya mji, uelekee nje. Juu mshono uwe mdogo kama punje ya ufuta, chini uwe mrefu, na mistari iachane kwa sentimeta 10 hadi 15. Sindano ipite kati ya nyuzi za kitambaa, isizitoboe. Palipochanika funika kwa neti nyembamba iliyotiwa rangi inayofanana, uishone kingoni tu. Gundi ya mbao, gundi ya kupuliza, tepu ya pasi, zote weka mbali: hugeuka njano, hukakamaa, na anayejaribu kuzitoa hutoka na kitambaa.

Mikono iwe imeoshwa na kukauka. Kwenye baridi tunapaka mafuta na losheni kutwa, na alama za vidole vyenye mafuta hazionekani leo; hujitokeza njano baada ya muda. Machozi nayo yana chumvi. Yakidondoka, yagusishe pamba kavu, usisugue. Wapo wanaosoma Yasini kabla ya kushika sindano, wapo wanaoweka kwaya chini chini, wapo wanaonyamaza. Nusu saa kwa jioni inatosha. Uzi husema hali ya mshonaji: mstari ulioshonwa kwa hasira au kwa usingizi hukaza, na asubuhi utauona umekunja mji mzima. Ufumue, uushone tena. Hapo ndipo kazi hii inapofanana na ibada, kwenye kurudia bila kujilaumu.

Nyumba nyingi za Waislamu wa pwani hazitundiki picha za sura ya marehemu, na kanga inazifaa kwa sababu inamkumbusha mtu bila uso wake. Hata hivyo mipaka iwe wazi moyoni. Mafundisho ya Kiislamu yanataja mambo matatu yanayomfuata mtu baada ya kufa: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Kitambaa ukutani hakimo. Kinaweza kumkumbusha mtoto aombe, na hiyo ni kazi kubwa, lakini sadaka itolewe, na misa ya kumbukumbu kwa walio Wakristo isomwe, hata kama fremu haijakamilika.

Tukizungumzia fremu, piga hesabu ya uzito kabla ya kuagiza. Kanga ina urefu wa karibu sentimeta 150 na upana wa karibu 110, kwa hiyo fremu yenye nafasi ya merikani hufika 170 kwa 130 au zaidi. Kioo cha milimeta 3 cha ukubwa huo kina uzito wa kilo 16 na nusu hivi, kabla hujahesabu mbao na bodi. Kuta za jipsamu za fleti za kupanga haziubebi mzigo huo kwa msumari mmoja. Kioo cha plastiki ya akriliki cha unene ule ule hakifiki kilo 8, na kipo kinachozuia miale ya urujuanimno (UV), ile inayopausha rangi. Kati ya kanga na kioo paachwe nafasi ya milimeta 6 au zaidi. Kitambaa kinachogusa kioo hushika unyevu. Bodi ya nyuma isiwe na asidi, kwa kuwa mbao na kadibodi za kawaida hutoa asidi inayogeuza pamba kuwa njano.

Usitundike kwenye ukuta wa nje wa nyumba, maana wakati wa baridi ukuta huo hutoa jasho. Usitundike juu ya redieta wala kukabili dirisha. Kaskazini ya mbali jua la kiangazi halizami mpaka usiku. Majumba ya makumbusho huweka nguo kwenye mwanga wa luksi (kipimo cha mwanga) 50 tu, yaani chumba ambacho mgeni atakiona cha giza kidogo. Kama nyumba yako haina mahali hapo, sioni ubaya wa kutotundika kabisa. Izungushe kanga pamoja na merikani yake kwenye bomba nene la sentimeta 10 lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, mchoro ukitazama nje, uifunike kwa shuka safi, na uitoe siku ya dua ya mwaka tu. Rangi itadumu zaidi hivyo.

Mwisho ni maandishi ya nyuma, ambayo wengi huyasahau. Kwa penseli, si kwa wino, andika jina la marehemu, alikotoka, nani alikupa kanga na nani waliridhia, kipande cha pili kiko kwa nani, uzi na rangi ulizotumia, na kwamba bandi zote zinaweza kufumuliwa kuanzia kona ya chini kulia. Piga picha maandishi hayo, uyatume kwenye kundi lile lile la familia ulikoombea ruhusa.