Februari Niliyorudi na Mbegu

Shamba alilotuachia marehemu baba liko Kongwa. Ukitoka Dodoma mjini unaiacha barabara kuu ya Morogoro pale Mbande, unaingia ndani, kisha unamalizia kwa bodaboda. Kwa miaka mingi Jumamosi zangu ziliishia kwenye njia hiyo. Jumatatu hadi Ijumaa nilifundisha shule ya msingi mjini, jioni twisheni, usiku kusahihisha madaftari, na Jumamosi alfajiri nipo stendi na jembe langu jipya limefungwa gazeti kwenye makali.

Nilikuwa nalima mahindi. Desemba mvua ikigusa tu ardhi, napanda. Januari palizi. Februari jua linakaa wiki mbili au tatu bila hata wingu, mahindi yanatoa mbelewele huku majani yamejikunja, na mkulima yeyote wa kwetu anajua kwamba hindi likikosa maji wakati huo hata mvua ya gharika baadaye haitalijaza punje. Hapo nakopa kikoba, nanunua mbegu nyingine, natafuta vibarua, narudishia shamba zima. Aprili mvua zinakata, jirani anaomba mabua kwa ajili ya ng'ombe wake, nampa. Julai nanunua mahindi sokoni kwa mshahara kama mtu asiye na shamba. Rejesho la mwisho la kikoba linaangukia Novemba, na Novemba hiyohiyo mwenye trekta anapiga simu kuuliza kama mwaka huu tunalima. Tunalima. Nakopa.

Kwa nini mahindi? Kwa sababu ya ugali mweupe, kwanza. Watu wa mjini tulishaanza kuuona ugali wa uwele kuwa chakula cha wazee. Lakini pia kwa sababu ya Kibaigwa. Lile soko la mahindi lipo wilayani kwetu, malori yanapanga foleni, magunia yanapangwa hadi juu, na ukipita pale unaondoka ukiamini kwamba Kongwa inaota mahindi. Mzigo mkubwa wa pale huwa umeshuka kutoka Kiteto, mkoa wa Manyara. Nililijua hilo. Kulijua hakukunizuia.

Tena nilisifiwa. Ofisini walimu wenzangu waliponiona Jumatatu na viganja vyenye malengelenge walisema, "Huyu mama ni mchapakazi." Kanisani vilevile. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimevuna nini, na nadhani hata mimi malipo yangu yalikuwa pale, kwenye zile sifa. Ukichoka vizuri mbele za watu unajisikia umefanya kitu.

Mwaka 2017 mji wote ulikuwa na haraka. Julai ya mwaka uliotangulia Rais Magufuli alikuwa ametangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kwelikweli, Septemba Waziri Mkuu Majaliwa akahamia, na tangu hapo kila mtu alikuwa anatafuta kiwanja, anauza kiwanja, au anampeleka mtu kuona kiwanja. Kodi za nyumba zilipanda. Na mvua za msimu ule zilichelewa, zikaja kidogo, zikakaa kimya. Katikati ya Februari nikafanya kama kawaida: kikoba, duka la pembejeo, simu kwa vijana wa vibarua. Shamba lilikuwa chini ya macho ya shangazi, dada yake baba, ambaye nyumba yake inapakana nalo.

Nilipofika sikukuta kijana hata mmoja. Shangazi alikuwa ameketi chini ya mti anapepeta uwele.

"Mbukwenyi, shangazi. Vijana wako wapi?"

Aliitikia taratibu, akaulizia watoto mmoja mmoja, akaulizia mume, akaulizia mguu wangu uliokuwa ukiniuma tangu Krismasi. Ndipo akasema, "Vijana nimewarudisha."

Nilimjibu kwa sauti ambayo mtu hamjibu nayo shangazi yake. Nilisema nimetoka mjini saa kumi na moja alfajiri, pesa ni ya mkopo, mbegu hii hapa, na kila siku inayopita ni hasara. Alisubiri nimalize. Akamwaga uwele kidogo kwenye ungo, akaniuliza mbegu yangu inakaa shambani siku ngapi hadi kukomaa. Nikasoma kwenye mfuko: siku tisini na zaidi. Akauliza mvua za kwetu zinakata lini. Nikasema mwezi wa nne, zikituonea huruma katikati yake, mara nyingi kabla.

"Sasa wewe ndiye mwalimu. Hesabu."

Sikuhitaji vidole. Kutoka pale hadi katikati ya Aprili ilikuwa miezi miwili. Mahindi yangu yalihitaji mitatu. Hesabu hiyo ni ya darasa la pili, na mimi nilikuwa nafundisha darasa la tano.

Ningeweza kuondoka nimenuna, na nilikusudia kufanya hivyo, ila bodaboda alishageuza na jua lilikuwa kali. Nikakaa. Akanisogezea ungo wa pili, na tukapepeta. Ndipo akaanza habari za babu na karanga.

Kila mtu wa Kongwa amesikia habari za karanga, lakini wengi wetu tunazisikia kama hadithi ya vichekesho kuhusu Wazungu. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na serikali yake ikaamua kulima karanga Afrika Mashariki, sehemu kubwa hapa Tanganyika, kwenye mamilioni ya ekari. Kongwa ndipo walipoanzia mwaka 1947. Yaliletwa matrekta yaliyochoka, na hata vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Mibuyu na vichaka vilishindana na chuma. Mvua ilipokatika, udongo wa huku ukakaza kama saruji, ukala majembe ya mashine, na karanga zikabaki ndani hazing'oleki. Mwaka 1951 waliacha, baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Sehemu ya nchi waliyoifyeka leo ni ranchi ya ng'ombe, kazi ambayo Wagogo wangeitaja siku ya kwanza kama wangeulizwa.

Babu alifanya kibarua huko, kufyeka. Shangazi alisema babu hakuwa na kinyongo, mshahara ulilipwa na alinunulia ndama. Kilichomshangaza mzee ni kwamba kila mashine zilipokwama, jibu lilikuwa kuleta mashine nyingine. Hakuwahi kumwona bwana mkubwa amekaa chini ya mti hata siku moja akitazama mawingu.

"Walipanda mbegu nyingi kuliko karanga walizovuna," shangazi alisema. Kisha akautazama mfuko wangu. "Wewe umeleta kilo ngapi?"

Tulicheka wote wawili, mimi kwa kuchelewa kidogo.

Siku ile sikugusa udongo. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, nikalala mchana kwenye mkeka wake, jambo ambalo nadhani sikuwa nimelifanya tangu nianze kazi. Jioni nikarudi Mbande na mfuko wa mbegu mapajani. Mbegu zenyewe zilikuwa zimepakwa dawa, kwa hiyo hata kuzitwanga haikuwezekana. Mwenye duka hakuzipokea. Mwishowe nilimuuzia kwa bei ya kutupa mtu mwenye bustani ya kumwagilia.

Lakini kazi ngumu ilikuwa Jumatatu. "Umemaliza kurudishia?" mwalimu mwenzangu aliuliza, huku akinitazama mikono. Nilipomwambia sikupanda, alinipa pole kana kwamba nimefiwa, na nikajikuta nataka kutunga sababu: ugonjwa, vibarua wamekimbia, chochote. Kukaa bila kufanya kitu ambacho watu wamezoea kukuona ukifanya kunahitaji maelezo. Kupoteza pesa kila mwaka hakukuwahi kuhitaji.

Deni la kikoba nililimaliza mapema kwa kuwa zile za vibarua sikuzitumia, nikazirudisha kikundini wiki ileile. Novemba mwenye trekta alipopiga simu, kwa mara ya kwanza sikuwa na deni la mtu. Nilimwambia alime nusu tu ya shamba. Nusu hiyo nikapanda mtama, mbegu ya Macia, na kipande kidogo uwele aliochagua shangazi mwenyewe. Nusu nyingine nilimwachia jirani alishie, naye akatulipa kwa samadi.

Nisiupambe mtama. Jua la Februari lilikuja vilevile, ukasinyaa, ukangoja, mvua iliporudi ukaendelea. Sawa. Ila masuke yalipoanza kujaa walikuja kwelea kwelea, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu walioelimika walikimbilia mahindi. Mtama hauna ganda la kuuficha. Lazima mtu akaamie, kuanzia alfajiri hadi jua linazama, kupiga madebe, kurusha teo, kupiga kelele hadi sauti inakauka. Shangazi aliamia na wajukuu, nami niliungana nao kila wikiendi, na Jumatatu nilifika shuleni sauti imekwisha. Nilichoka kuliko enzi za mahindi. Tofauti ni kwamba mwezi wa sita kihenge kilikuwa na kitu, na Julai ule mshahara ulibaki benki wiki nzima bila mimi kujua niufanyie nini.

Wiki nzima ndiyo muda ulionitosha. Wiki ya pili nilishapata wazo: kuku wa nyama, mia mbili kwa kuanzia, banda la mabati nyuma ya nyumba, mkopo mdogo tu kutoka kikoba. Nilikuwa nimeshaongea na fundi. Nilimpigia shangazi kumpa habari njema, na nikaongea muda mrefu, bei ya kifaranga, wateja, hoteli zinazofunguliwa kwa sababu ya serikali.

Akaniuliza kuku mmoja anakula chakula cha shilingi ngapi hadi siku ya kuuzwa.

Nilisema nitaulizia. Niliulizia kweli, kwa wafugaji wa Kizota na Nkuhungu, nikaandika kwenye daftari la mazoezi la mwanangu, na mwaka ule sikufuga. Nilifuga mwaka uliofuata, hamsini, kwa pesa yangu.