Ijumaa yangu kwenye ukumbi wetu wa Isli

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua geti, matatu za namba 6 na 9 zishaanza kupiga honi. Mi ndo nasimamia kituo cha jamii hapa Eastleigh, Nairobi, wenyewe twaita Isli, na cha kwanza naangalia ratiba ukutani manake ukumbi ni mmoja, kuna Wasomali, Waoromo, Wakamba, Waluo, Wakikuyu, Wameru wa miraa, na ugomvi wetu karibu wote huanzia kwa hiyo ratiba, si kwa dini wala kabila.

Kabla sijafagia simu inalia. Mama wa githeri hapo getini amefiwa na mumewe usiku, familia inaomba ukumbi jioni wachange pesa ya kusafirisha mwili hadi Kitui. Jioni ya Ijumaa jamani! Saa kumi na moja ni wamama wa Kioromo na buna yao, yaani kahawa, jua likizama inaingia kwaya ya Waadventista, sabato yao ndo inaanza.

Saa tatu darasa la Kiswahili. Mwalimu ni mzee mstaafu Mluo, wanafunzi wengi Wasomali waliofika juzi. Kisomali hakina p, kwa hivyo "pole" inatoka "bole", naye mwalimu "sh" inamtoka "s", hakuna wa kumcheka mwenzake. Nikamwomba leo awafunze maneno ya msibani, wakarudia mpaka yakawakaa.

Saa saba swala ya Ijumaa, maduka yanafungwa, mikeka hadi barabarani. Nikampigia mwenyekiti wa kwaya. Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, wafiwa kwanza, sisi tutaimba nje kwa kompaundi."

Saa tisa ndo ilinipa hofu. Hao wamama wa buna nimeshawahamisha mara mbili mwaka huu, na wao hawagombani, wanaacha tu kuja, na mtu akishaacha kuja kumrudisha ni kazi ya miezi. Nikamfuata mkubwa wao dukani nikamweleza yote. Akauliza, "Marehemu alikuwa na iddir?" Sikuelewa. Akaniambia kule kwao Ethiopia majirani huchanga kila mwezi, akifa mtu chama ndo kinaleta hema, sufuria, chakula, na watu wanakaa na wafiwa. "Sasa mwanangu, leo hutuhamishi. Tunabaki, buna tutawapikia wafiwa."

Saa kumi na moja ukumbi umejaa, kahawa inakaangwa pale pale, harufu mpaka nje. Mzee mmoja Msomali wa duka la vitambaa alisimama akasema kuchangiana hivi kwao inaitwa qaaraan, akatoa simu akatuma mchango wake, na wale Wakamba wa chama wakaandika jina lake kwenye daftari chini ya la shemeji ya marehemu. Halafu wanafunzi wa asubuhi wakapanga laini, mmoja mmoja, "Bole mama, bole sana." Yule mama alikuwa hajalia siku nzima. Hapo ndo alilia, na wamama wa Kioromo wakamshika huku na huku.

Saa tatu usiku nafunga, kwaya imemaliza, vikombe vimeoshwa. Basi la Kitui ni Jumanne, na viti viwili vya mbele wamama wa buna washaandikisha.