Chupa ya uzazi ilikuwa inavuja, mimi nikaambiwa ni mkojo

Mimba ilikuwa na wiki 35, ilikuwa Julai, na wenzangu wa Uyole, Mbeya, mnaijua baridi ya mwezi huo, chooni unaenda kila saa. Sasa Jumamosi saa 11 alfajiri naamka nakuta khanga imelowa kidogo, nikasema mkojo tu huo. Nikabadilisha, nikiinuka tu kitandani yanachuruzika tena. Nilivyoenda kituo cha karibu nesi hata hakuniangalia, akasema mtoto anakandamiza kibofu, rudi nyumbani.

Aliyenishtua ni mama mkwe. Akaniambia, "Mwanangu, mkojo unabanika, hebu bana." Nikabana wee, maji yanakuja tu! Akanipa pedi safi nivae, baada ya lisaa tukaitazama pale dirishani: imelowa chapachapa, haina unjano wala ile harufu ya mkojo. Akachukua kadi yangu ya kliniki akaandika nyuma saa yalipoanza na rangi yake, tukapanda bajaji mpaka hospitali mjini.

Pale daktari hakunipima njia kwa vidole, alisema kama chupa imepasuka na uchungu bado, vidole vinaweza kupeleka maambukizi kwa mtoto. Alitumia kile kifaa cha kufungulia ukeni, kimechemshwa, akaniambia kohoa. Nikakohoa, akayaona maji yanatoka kwenye mlango wa kizazi. Akagusisha kikaratasi cha njano, kikageuka bluu iliyokolea, kwa sababu ukeni kwa kawaida kuna asidi na maji ya uzazi hayana. Ila hakuishia hapo, maana damu, mbegu za kiume au maambukizi vinaweza kukidanganya hicho kikaratasi, akapaka maji kwenye kipande cha kioo yakakauka, kwenye hadubini yakaonekana kama vijitawi vya majani, ndiyo alama ya maji ya uzazi. Utrasaundi nayo ikaonyesha maji yamepungua.

Jamani nililia, nikiwaza ile asubuhi nzima niliyopoteza. Nikalazwa, dawa za kuzuia maambukizi kila baada ya masaa 6, joto langu na mapigo ya mtoto vinapimwa usiku na mchana, naulizwa kama maji yamebadilika rangi au yananuka. Kila nesi aliyeingia zamu swali lake la kwanza lilikuwa yalianza saa ngapi, nami nageuza kadi namwonyesha mwandiko wa mama. Uchungu ulianza wenyewe Jumanne, nikajifungua wa kike, kilo 2.4, analia kwa nguvu zote.