Nilivyoufuata ukoo wa Nabongo kwa miguu, nikaishia Chetambe

Mke wangu ni Muwanga, mimi ni Mbukusu. Msomaji wa magharibi ya Kenya ameshaanza kucheka. Siku tuliyopeleka mahari Mumias, mzee mmoja wa upande wao aliniuliza kama nimekuja kuoa au kulipa kodi ya Nabongo, yaani mfalme wa Wawanga. Watu waliangua kicheko, nami nikacheka nao. Kuka yangu, yaani babu, aliyekaa nyuma yangu na fimbo yake, hakucheka. Tulipopanda matatu kurudi alisema neno moja tu, "Chetambe," kisha akasinzia mpaka Bungoma.

Miaka ikapita. Juzi binti yetu akaja na kazi ya shule: andika habari za ukoo wako. Ukoo upi sasa? Mama yake akasema anajua jibu. Mimi nikasema tusiandike kitu kabla hatujapita kwa miguu mahali habari zenyewe zilipotokea. Sikutaka mtu wa kututembeza. Ukiongozwa unaonyeshwa anachotaka mwongozaji, tena kwa haraka, na mimi ni mtu wa kusimama chini ya mti nusu saa.

Tulianzia kwa baba mkwe, na karatasi ya manila. Nilidhani atachora mstari: Nabongo Shiundu akamzaa Nabongo Mumia, na kuendelea. Aliniangalia kama mtu aliyeomba chai bila sukari. "Mkwe wangu, ukoo wenye wake wengi huo, mstari utautoa wapi?" Akachukua kalamu ya rangi ya mtoto, akachora kama mwembe, kila nyumba na tawi lake. Juu kabisa aliandika Abashitsetse, ukoo wa kifalme wa Wawanga. Manila ikaisha kabla hajafika kwa nduguze Mumia. Tukaunga ya pili kwa ugali uliobaki jikoni, na ile alama ya ugali ipo mpaka leo, ngumu kama saruji.

Kwa kila jina nilimuuliza maswali matatu: aliishi wapi, alizikwa wapi, aligombana na nani. Mawili ya kwanza yalinipa sehemu nne au tano. La tatu lilijaza ukurasa mzima wa daftari. Ukitaka kupanga matembezi ya ukoo wowote uliowahi kutawala, uliza ugomvi, maana wazee huyakumbuka mahali pa ugomvi hadi kichaka.

Safari ya kwanza ilinishinda kwa uzembe wangu. Nilianza saa sita mchana, nikiitegemea ramani ya simu. Nilipoacha barabara ya Matungu ili nikate njia, nikaingia kwenye miwa. Asiyewahi kupotea ndani ya miwa asifikiri ni jambo dogo. Njia za trekta zinafanana zote, miwa imekupita urefu, huoni kilima wala mnara wa simu, na upepo ukivuma unasikia kama watu wanakunong'onea. Chaji ikaisha. Nilizunguka mpaka nikazikuta nyayo zangu mwenyewe. Aliyenitoa ni mama mmoja aliyekuwa akianika mahindi kwenye turubai pembeni ya shamba. Aliniuliza natafuta nini, nikamwambia naufuata ukoo wa Nabongo. Akasema, "Huku hawakupita, baba. Wao walikuwa na barabara."

Mara ya pili tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na binti, na ramani niliyoichora kwa mkono. Saa moja asubuhi tulikuwa mjini Mumias. Tukaanzia kwenye msikiti, na nilikuwa na sababu. Misafara ya watu wa pwani, waliokuja kutafuta pembe za ndovu, ilikuwa ikipumzika na kununua chakula hapa, na Uislamu ukaingia katika ukoo wa Nabongo kwa njia hiyo. Wapwani ndio waliopaita Kwa Sundu, yaani kwa Shiundu, baba yake Mumia. Binti yangu alifurahi kusikia kwamba Kiswahili kilifika kwa kina kukhu yake, yaani bibi yake, kabla ya Kiingereza. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1883, Mumia alikuwa ndiyo kwanza ameshika kiti cha baba yake. Miaka miwili baadaye akapita Askofu James Hannington, akaenda zake Busoga, Uganda ya leo, na kuuawa huko Oktoba 1885. Mabaki yake yalihifadhiwa Mumias kwa muda kabla ya kupelekwa Namirembe, Kampala, na kuzikwa mwaka 1892. Hayo tuliyasimuliana tumekaa kwenye benchi la mama wa chai, tukila mandazi. Mwenye benchi akaongezea ya kwake, mengine sikuyaamini.

Kinachonishangaza Mumias ni utulivu wake. Pale palikuwa na makao ya serikali ya Waingereza tangu miaka ya 1890, wakati eneo hili bado lilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka 1902 likahamishiwa upande wa Kenya, na mwaka 1909 Mumia akatangazwa kuwa chifu mkuu. Kisha mwaka 1920 makao yakahamishiwa Kakamega. Ukisimama leo katikati ya boda na vibanda vya simu, hakuna cha kukuambia kwamba amri za nusu ya magharibi zilitoka hapa. Mke wangu hakupenda niliposema hivyo. Akanijibu kwamba Kakamega walichukua ofisi, Nabongo akabaki.

Kutoka mjini hadi Matungu tulitembea polepole asubuhi nzima, safari hii bila kukata njia. Pale kwenye kituo cha utamaduni cha Nabongo ndipo kuna makaburi ya wafalme wao. Mumia mwenyewe alifariki mwaka 1949, baada ya kukaa kwenye kiti hicho zaidi ya miaka 60. Sitaeleza sana kuhusu pale. Mke wangu alivua viatu bila kuambiwa na mtu, binti akamwiga, nami nikabaki nyuma kidogo na viatu vyangu mkononi. Nilikuwa mgeni, nikajiona mgeni.

Wengi wangeishia hapo, na mke wangu alitaka tuishie hapo. Lakini ukurasa wa tatu wa daftari ulikuwa na neno ambalo baba mkwe alilitaja kwa sauti ya chini, lile lile la kuka yangu.

Jumamosi iliyofuata tukapanda kilima cha Chetambe, Webuye. Mapema miaka ya 1890 Wabukusu walikuwa wamepata bunduki kutoka kwa watu waliotoroka misafara. Waingereza wakazitaka. Kikosi walichotuma kutoka Mumias mwishoni mwa mwaka 1894 kiliuawa. Agosti 1895 likaja jeshi kubwa, Wasudani, Waganda, na watu wa Mumia wakiwemo. Likavunja ngome ya Lumboka kwanza, halafu Chetambe. Baadaye Murunga, nduguye Mumia, akaletwa kuwa chifu juu ya Wabukusu upande wa Kimilili. Kwa hiyo yule mzee wa mahari hakubuni utani wake.

Huko juu tulionyeshwa mtaro uliojaa nyasi, mbuzi wawili wakila ndani yake. Binti aliingia, ukamfika kiunoni. Akauliza, "Baba, sisi tulikuwa ndani au nje?" Nikamwangalia mama yake, mama yake akaniangalia mimi. Nikamwambia ukweli: babu za baba walikuwa ndani, babu za mama walikuja na walio nje. Akafikiri kidogo, akatoka, akakaa ukingoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akaomba maji ya kunywa. Chini yetu Nzoia ilikuwa inang'aa, mto ule ule unaoshuka hadi Mumias.

Kwa atakayejaribu: vaa viatu vilivyofunika vidole, beba maji mengi kuliko unavyodhani utahitaji, na hodi ipigwe kila boma hata kama unapita tu. Usipige picha ya kaburi kabla ya kuuliza. Na usibane hadithi nzima ya ukoo kwenye siku moja, utachoka na utawachosha wazee.

Nilimrudishia baba mkwe manila yake ikiwa na tawi jipya chini kabisa, jina la binti yetu, na pembeni nimeandika Chetambe 1895 kwa kalamu ya kawaida. Nilijua anaweza kuchukia. Aliisoma muda mrefu akiwa ameishika mbali na macho. Kisha akauliza kama kile kilima ni kikali sana, kwa sababu goti lake la kushoto siku hizi halimtii, na kama boda inaweza kumfikisha karibu na juu.