Mwisho wa mwezi: kuisoma taarifa ya M-Pesa mstari kwa mstari

Mwezi ukiisha, mtu anayelipia mambo yake kwa M-Pesa huku Kenya huwa tayari ameandikiwa daftari la matumizi. Ndiyo maana naona programu nyingi za bajeti zinatuchosha bure. Zinatutaka tuandike kila shilingi kwa mkono, na wiki mbili hazipiti kabla mtu hajaacha. Kazi ya kuandika ilishafanyika. Iliyobaki ni kusoma, na kwenye kusoma ndiko tarakimu hutupotosha.

Piga *334# au fungua programu ya M-Pesa, omba taarifa ya mwezi mzima, uchague itumwe kwa barua pepe. Inakuja kama PDF iliyofungwa, na nambari ya kuifungulia huletwa kwa SMS. Excel ya kompyuta inaweza kuvuta majedwali kutoka kwenye PDF, ila iliyofungwa haiiwezi. Ifungue kwanza kwenye Chrome, kisha chagua kuchapisha na uihifadhi upya kama PDF. Nakala hiyo haitadai nambari tena. Ukinakili na kubandika tu kwenye Google Sheets, maelezo marefu hukatika na mstari mmoja ukawa miwili. Tatizo lingine ni koma: 1,500.00 inaweza kuchukuliwa kuwa maneno, si nambari. Utalijua kwa sababu tarakimu zinaegemea kushoto na jumla inatoka sifuri. =VALUE(SUBSTITUTE(F2,",","")) inalimaliza.

Sasa Fuliza, yaani mkopo wa M-Pesa unaokujazia pesa salio lisipotosha, ambayo naamini ndiyo inayowadanganya wengi. Tuseme salio ni shilingi 200 nawe unalipa 700 dukani. Zile 500 za kujazia huandikwa "OverDraft of Credit Party" na kuwekwa kwenye safu ya Paid In, yaani pesa zilizoingia. Deni hilo! Pesa halisi zikifika, unakatwa kwa mstari unaoanza na "OD Loan Repayment", nao unahesabiwa kama matumizi. Mtu anayefuliza mara kwa mara akiangalia jumla ya chini ataona mapato makubwa kuliko aliyopata, na matumizi makubwa kuliko aliyotumia. Toa mistari yote miwili kwenye hesabu. Kama safu ya maelezo ni C na ya pesa zilizoingia ni E, =SUMIF(C:C,"*OverDraft*",E:E) inakupa jumla ya ulichokopeshwa. Fanya vivyo hivyo kwa marejesho upande wa Withdrawn, yaani pesa zilizotoka. Ikiwa ulianza mwezi bila deni na umeumaliza bila deni, tofauti ya jumla hizo mbili ndiyo bei uliyolipia Fuliza: asilimia 1 ya kuchukulia, pamoja na ada ya kila siku deni linapokaa. Hakuna mstari unaokuonyesha bei hiyo peke yake, kwa hiyo itafute.

Ada za kawaida ni rahisi zaidi. Kila ada ina mstari wake wenye neno "Charge", na namba yake ya risiti ni ileile ya muamala uliozaa ada hiyo. Tumia "*Charge*" kwenye fomula ileile, upande wa Withdrawn, upate jumla. Kisha uangalie ni ada za nini, maana hazifanani. Kwa bei zilizoanza Julai 2023, kumtumia mtu 500 mara tano ni shilingi 35, na kumtumia 2,500 mara moja ni 33. Karibu sawa. Lakini kutoa 500 kwa wakala mara tano ni 145, ilhali kutoa 2,500 kwa mkupuo ni 29 tu, kwa kuwa ada ya kutoa ni ileile kuanzia 101 hadi 2,500. Nikiambiwa nichague tabia moja ya kubadilisha, ni hii ya kutoa kidogokidogo.

Pesa ikishatoka kwa wakala, taarifa haiioni tena. Nauli ya matatu, mboga, mchango wa mazishi, vyote vinalala chini ya mstari mmoja wa kutoa pesa. Kwa hiyo mwenye duka akiwa na till, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo ya M-Pesa, mlipe hapo: mnunuzi hakatwi chochote, na jina la duka linabaki kwenye rekodi.

Taarifa hii ina majina ya watu wengine. Usiipandishe kwenye tovuti usiyoijua eti ikuchambulie, hata ikiwa ni bure. Na ukitaka mweka hazina wa chama, yaani kikundi chenu cha kuchangishana pesa, aone michango yako, usimpe kiungo cha jedwali zima. Nakili mistari ya chama peke yake kwenye jedwali jipya, kisha umwongeze kwa anwani yake ya barua pepe.